Posa ya Msimu wa Bima

Wendell Kangas aliniposa kwa kunisomea kijitabu cha bima. Si kwamba alikitumia kama utani wa kuanzishia maneno, hapana. Alikaa mezani jikoni kwangu, akavaa miwani, akalowesha kidole gumba kwa ulimi, akaanza ukurasa wa kwanza.

Tulikuwa na miaka tisa pamoja, yeye nyumba yake, mimi yangu, barabara tu katikati. Mji wetu wa Kettula ni mdogo hivi kwamba ukipiga chafya posta, kanisani wameshaanza kukuombea. Watu walichoka zamani kutuuliza lini. Mimi nina saluni katika chumba cha mbele cha nyumba, viti viwili na drai moja ya kukaushia nywele, na ningekuwa mtu wa kujali maneno ya wateja ningeshafunga duka. Wendell anaendesha lori la kaunti la kusukuma theluji. Ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza hali, anafikiria kwanza.

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, mwezi ambao nchi nzima inachagua bima ya mwaka ujao na kila mtu anakuwa na hasira bila kujua anamkasirikia nani. Nilikuwa nimeoka mkate wa iliki, kahawa imo kikombeni, theluji ya kwanza inaanza kushika nje. Nikawaza, leo kavaa shati safi, kuna jambo.

“Kaunti inalipa karibu yote,” akasema. “Daktari, hospitali, dawa. Meno pia.”

“Hongera,” nikamwambia. “Kunywa kahawa, inapoa.”

“Mke naye anaingia.”

“Mke gani?”

Akafunua ukurasa alioupiga mstari kwa kalamu ya njano. “Hapa. Mke au mume wa mfanyakazi. Lakini orodha inafungwa mwezi huu huu, Jumatano kabla ya Sikukuu ya Shukrani. Sasa nimeona, tukienda mahakamani wiki ijayo, karani anatuandikisha, mimi napeleka cheti ofisini, Januari mosi umeingia.”

Nilisubiri. Nilidhani kuna kitu kingine kinakuja, mkono mfukoni, neno tamu, hata kikohozi. Hakuna. Alikuwa ameweka kidole kwenye ule mstari wa njano, ananitazama juu ya miwani kwa subira, ameridhika na kazi yake.

“Wendell,” nikasema, “unaniposa au unanisajili?”

Akafikiria kwanza. “Yote mawili.”

Jamani. Mume wangu wa kwanza alinipigia goti katikati ya uwanja wa hoki, watu mia tatu wakipiga makofi, na baadaye akakimbilia Arizona na mwanamke anayeuza mabwawa ya kuogelea. Kwa hiyo mimi si mtu wa kudanganywa na magoti. Lakini mtu una miaka sitini, una mwanamume unayempenda tangu siku alipokuja kunyolewa akasahau kuondoka, siku akiposa unataka angalau aweke kijitabu chini.

“Na nani kakwambia nina shida na bima?” nikamuuliza. “Ninayo yangu.”

“Unatafuna upande mmoja,” akasema. “Tangu Pasaka. Bima yako haina meno.”

Hilo lilinigusa moyoni, na ndiyo maana nikakasirika zaidi. Nilikuwa nikidhani naficha vizuri.

Bima yangu naichagua mwenyewe kila mwaka kwenye soko la serikali la watu wasio na bima ya kazini, na kwa kuwa saluni ya viti viwili haimtajirishi mtu, serikali inaniwekea ruzuku, inalipa sehemu kubwa ya mchango wa kila mwezi. Ni bima nyembamba, sikatai. Meno haina, miwani haina, na kabla haijaanza kulipa chochote inakuacha kwanza utoe zako mpaka uone haya. Lakini ndani ya bima hiyo yumo Daktari Bhatt wa mji wa Marquette, na kwangu mimi hapo ndipo mazungumzo yanapoishia.

Daktari Bhatt ndiye aliyeniona nilipopata saratani ya titi, miaka sita iliyopita. Ni mwanamke mfupi, mkali, anavaa viatu vya kukimbilia na sijawahi kumwona akikimbia. Siku ya kwanza nilimuuliza kama nitakufa. Akafunga faili, akasema, “Siyo mwaka huu, Lorna. Mwaka huu mimi na wewe tuna kazi.” Tangu hapo kila nikienda kupimwa namuuliza swali lile lile, naye ananijibu vile vile, neno kwa neno, hata kama nyuma yangu kuna foleni. Natoka pale nikiendesha gari mwendo wa saa mbili kurudi nyumbani huku naimba.

“Daktari Bhatt yumo humo?” nikamuuliza Wendell.

Akatazama kijitabu kana kwamba kimemwita jina. “Wapo madaktari wengi sana.”

“Sikukuuliza kama ni wengi.”

Akalowesha kidole. Akafunua kurasa za nyuma, kwenye majina, akashuka nayo polepole, akapanda, akashuka tena. Alikuwa amesoma kila kitu mle ndani, gharama za miguu ya bandia, gharama za helikopta, lakini jina la daktari wangu hakuwa amelitafuta. Uso ukambadilika.

“Hayumo,” akasema.

“Hayumo.”

“Basi wewe baki na bima yako. Tuoane tu, kila mtu na yake.”

“Haiwezekani. Ukiwa na mume ambaye kazi yake inaweza kukubeba, serikali inakwambia nenda kwa mumeo, ruzuku wanaichukua. Bila ruzuku siiwezi ile bima, Wendell, hata ninyoe kichwa cha kila mtu katika kaunti hii. Nilishawauliza.”

“Uliwauliza lini?”

Hapo nikajishika ulimi, lakini nilikuwa nimechelewa. Niliwapigia simu Novemba iliyopita. Nilikaa kwenye foleni ya simu nikisikiliza muziki, kwa ajili ya kumuuliza mama mmoja asiyenijua ingekuwaje kama ningeolewa na mwanamume ambaye hata hajaniposa. Wendell akavua miwani. Akanitazama kwa namna ambayo ilinifanya niinuke nipanguse meza iliyokuwa safi.

“Lorna,” akaanza.

“Nenda kambini, Wendell. Msimu wa kuwinda unaanza Ijumaa. Nenda ukampose kulungu, yeye hana daktari.”

Akakunja kijitabu, akaosha kikombe chake kama anavyofanya siku zote, akavaa koti, akatoka. Mkate wa iliki hakuugusa.

Wiki ile hakugonga mlango wangu. Lakini kila alfajiri, theluji ikianguka, nilisikia anasafisha njia ya gari langu kwa ile trekta yake ndogo, mpaka kwenye ngazi, halafu anarudi ng'ambo. Nikilala macho wazi najiambia, sawa, nimpigie. Kukicha, wapi. Mimi na yeye kwa ukaidi tunalingana, tofauti ni kwamba mimi ninapiga kelele.

Sasa, mtu asiye wa huku huenda asielewe siku ya kwanza ya msimu wa kulungu ni nini. Shule zinafungwa. Viwandani hakuna mtu. Wanaume wote, na wanawake wengi tu, wako porini kabla hakujapambazuka, wamevaa rangi ya chungwa kuanzia kofia mpaka kiunoni ili wasipigane risasi wenyewe kwa wenyewe. Wendell hakuwahi kuikosa siku hiyo tangu utoto. Mwaka aliovunjika mguu alibebwa hadi kambini juu ya kigari cha kuteleza thelujini cha kuvutia kuni, akalazwa kitanda cha dirishani na bunduki, akapiga kulungu kutoka kitandani. Simulizi hiyo bado inasimuliwa, na kila mwaka yule kulungu anaongezeka pembe.

Kwangu mimi siku hiyo ni biashara. Wale wanawake wasiokwenda porini wanakuja kutengeneza nywele kwa amani. Ijumaa ile, baada ya wale wa asubuhi kuondoka, alibaki Marlys, dada mkubwa wa Wendell, ambaye kila Ijumaa anakuja kusetiwa nywele na kunisengenya mbele ya uso wangu. Ananiita wifi tangu mwaka wa kwanza, kwa makusudi, kwa sauti, hasa kanisani.

“Wifi,” akasema, kichwa kimejaa rola, “nasikia umemfukuza mdogo wangu.”

“Nani kasema?”

“Hakuna aliyesema. Nimempelekea supu, akanishukuru mara mbili. Nikajua huyu anaumwa.”

Kabla sijamjibu mlango ukafunguliwa, baridi ikaingia, na nyuma yake Dale, binamu yao, amevaa rangi ya chungwa mwili mzima, theluji kwenye ndevu. Dale saluni haingii. Nywele zake anakatwa na mkewe, na unaona.

“Shemeji,” akasema, huku anavua kofia, “Wendell yupo?”

“Si mko naye kambini?”

“Hakuja. Jana usiku tulidhani atakuja alfajiri. Alfajiri tukadhani lori halikuwaka. Nimepita nyumbani kwake, lori halipo, mtu hayupo. Simu hapokei.”

Marlys akainuka chini ya drai, rola zikagongana.

“Bunduki yake?” akauliza.

“Iko ukutani. Nimechungulia dirishani.”

Nikakaa kwenye kiti cha mteja. Nitasema kweli, jambo la kwanza lililonijia ni mtaro. Barabara zetu wakati huo wa mwaka zina barafu nyeusi usiyoiona, na ingawa Wendell anaendesha lori la theluji vizuri kuliko mtu yeyote ninayemjua, nilimwona kabisa, chini mtaroni, magurudumu juu, amelala pale tangu usiku, na neno langu la mwisho kwake ni kulungu. Nikampigia simu. Ikaita, ikaita. Nikapiga tena.

“Nenda barabara ya ziwani,” nikamwambia Dale. “Mimi nitapiga hospitali.”

“Msipige popote bado,” akasema Marlys. “Dale, zunguka ofisi ya kaunti kwanza, labda wamemwita kazini. Ukimwona mwambie dada yake atamchinja.”

Dale akaondoka. Marlys hakurudi chini ya drai. Alivuta kiti cha pili akakaa mbele yangu, magoti yetu yakagusana, akanishika mikono yote miwili. Marlys si mtu wa kushika mikono.

“Ni ile bima, siyo?” akasema.

“Amekwambia?”

“Hajaniambia kitu. Alinionyesha kijitabu, akauliza kama mstari wa njano unaonekana vizuri.” Akacheka kidogo, halafu akaacha. “Lorna, unajua Verna alikufaje?”

Verna ni mke wake wa kwanza. Nilijua alikufa kwa ugonjwa wa tumbo, miaka mingi kabla yangu, na kwamba jina lake Wendell hulitamka kwa upole na kisha huenda kupasua kuni. Zaidi ya hapo sikuwahi kuuliza.

“Kiwanda cha mbao kilipofungwa,” akasema Marlys, “bima nayo ikaenda. Ndivyo ilivyokuwa, kazi ikiondoka bima inaondoka nayo. Wakakaa miezi hawana. Verna alikuwa anaumwa tumbo, akamficha Wendell. Alikuwa anasema ni gesi, ni uzee, ni kahawa. Hakutaka wauze nyumba kwa sababu ya kipimo. Wendell akaomba kazi kila mahali, akapata hii ya theluji. Alichukua kazi ile kwa ajili ya kadi ya bima tu, siyo mshahara. Kadi ilipofika kwa posta hata koti hakuvua, alimpakia garini siku ile ile.” Akaniachia mikono, akajipangusa pua kwa taulo langu. “Walichelewa. Daktari akawaambia mngekuja wakati wa kiangazi. Wakati wa kiangazi, wifi. Wendell kiangazi kile alikuwa anamwona kila siku anaacha chakula nusu sahani, na akamwamini kwamba ameshiba.”

Nilikuwa namwona Wendell mezani kwangu tangu Pasaka, kimya, anakula pasti yake, ule mkate uliojazwa nyama na viazi, na macho yake kwenye shavu langu. Nilidhani ananitamani. Alikuwa anahesabu upande gani natafuna.

“Mimi nilimwambia ananisajili,” nikasema.

“Na kweli alikuwa anakusajili. Ndiyo namna yake ya kupiga goti, bahati mbaya.” Marlys akaangalia saa ya ukutani. “Hizi rola zitanitoa ngozi.”

“Kaa hapo hapo.”

Nilisimama dirishani. Nikapiga hospitali, hawakuwa naye. Nikapiga kwa sherifu, msichana akaniambia leo ana simu kumi na moja za wanaume waliopotea porini na wote watapatikana kwenye bia. Nikamwambia wangu hayuko porini. Hapo akachukua jina lake, maana hata yeye alijua hiyo si kawaida. Nikaanza kumwahidi Mungu vitu ambavyo sitavitaja, kikiwemo kurudi kwenye kwaya.

Halafu lori lake likakata kona pale kwenye kanisa, polepole, taa zote mbili zinawaka, nzima, hata mkwaruzo halina. Likaegesha mbele ya saluni. Akashuka Wendell amevaa suti. Ile suti nyeusi, ambayo ninaijua kwa misiba mitatu, na tai. Na juu kichwani kofia yake ya kuwindia, rangi ya chungwa, nadhani aliivaa kwa mazoea bila kujua.

Nilifungua mlango kabla hajafika kwenye ngazi.

“Umekufa?” nikampigia kelele. “Mbona hukufa? Simu yako iko wapi?”

Akafikiria kwanza. “Kwenye suruali nyingine.”

“Wewe mwanamume utakuja kuniua.”

“Ndiyo maana nimevaa suti,” akadakia Marlys kutoka ndani, akiiga sauti ya Wendell, na mimi nikacheka na kulia kwa wakati mmoja, kitu ambacho kwa umri wangu kinaumiza mbavu.

Wendell akaingia, akafuta viatu, akamwona dada yake na rola zake, akasita. “Nitarudi baadaye.”

“Utasema hapa hapa,” akasema Marlys. “Mimi ni kama samani.”

Akavua kofia. Akaishika mbele yake kwa mikono miwili. “Nilikuwa Marquette,” akasema. “Kwa Daktari Bhatt.”

“Leo?” nikasema. “Siku ya kwanza?”

“Ndiyo siku niliyopata ruhusa kazini. Kila mwaka naomba hiyo.” Akatazama kofia. “Nilifika hawajafungua. Yule mama wa mapokezi akaniuliza kama nina miadi, nikasema hapana. Akasema bila miadi haiwezekani. Nikakaa. Saa ya chakula daktari akatoka mwenyewe, ameshika sandwichi, akasema wewe ndiye mtu wa mazishi? Nikasema mimi ndiye mtu wa Lorna.”

Marlys akatoa sauti ndogo.

“Nikampa kijitabu. Nikamwomba aingie kwenye bima ya kaunti. Akasema si yeye anayeamua, hospitali yao na kampuni ile hawana mkataba, na yeye amewaambia mara nyingi wawe nao. Akasema wapo madaktari wazuri kwenye orodha yangu, akaniandikia jina la mmoja, akasema huyu ningempelekea mama yangu.” Akatoa kikaratasi mfukoni, akakiweka kwenye meza ya vitana bila kukifungua. “Nikamwambia asante, lakini Lorna akitoka kwako anarudi nyumbani anaimba. Nimemsikia. Dirisha la gari likiwa limefungwa, nikiwa ng'ambo ya barabara, namsikia.”

Sikujua kama alikuwa anasikia. Naimba vibaya.

“Kwa hiyo nimekuja kuondoa posa,” akasema Wendell.

“Unaondoa nini?”

“Posa. Naiondoa.” Akakunja ukingo wa kofia. “Tukioana unampoteza yule daktari. Mimi nilimzika Verna kwa sababu ya kadi, Lorna. Siwezi tena. Bora tukae hivi hivi, wewe huku na mimi kule, watu waseme wanavyotaka. Nitakuja kunywa kahawa. Theluji nitasafisha. Nakupenda hivyo hivyo, bila cheti.” Akavuta pumzi ya mtu aliyeteremsha mzigo mzito. Katika miaka tisa hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mara moja, na neno lile la nakupenda alikuwa amewahi kulisema mara mbili tu, zote ndani ya sauna, chumba cha mvuke, ambako mtu anaweza kusingizia joto.

Nilimtazama, suti ya misiba, kofia ya chungwa mkononi, nywele zimesimama. Siku ya kwanza ya msimu aliiacha akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki kwa ajili yangu. Nikajua kwamba nikimwacha aondoke na jibu hilo nitakuwa mpumbavu kuliko watu wote wa kaskazini hii.

“Mimi nina miaka mingapi?” nikamuuliza.

Akaogopa. “Hilo ni swali la mtego.”

“Sitini. Nikifika sitini na tano, nini kinatokea?”

Marlys ndiye aliyeelewa kwanza. Akapiga paja. “Bima ya wazee!”

“Bima ya wazee,” nikasema. “Serikali inatuchukua wote, haiulizi mume wako ni nani, haiulizi anafanya kazi wapi. Na Daktari Bhatt anaipokea, nusu ya watu kwenye ile foleni ni vikongwe, nimewaona. Siku ninayotimiza sitini na tano nakwenda na wewe kwa karani mchana, jioni tunakwenda kanisani na Marlys analeta keki.”

“Mimi naleta keki?” akasema Marlys.

“Unaleta keki.”

Wendell alikuwa anahesabu, niliona midomo inacheza. “Hiyo ni Februari,” akasema. “Februari ya mbali sana.”

“Una haraka gani? Unakwenda wapi?”

“Mimi sina pa kwenda,” akasema. Akanitazama, na zamu hii hakufikiria kwanza. “Wewe je? Utakuwepo?”

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, uso kwa uso. Watu huniambia naonekana vizuri, huniambia nina nguvu. Hata mimi swali hilo nilikuwa nampelekea Daktari Bhatt, mwaka mmoja mmoja, kwa sababu zaidi ya mwaka niliogopa kuomba. Lile drai tupu lililokuwa linavuma, Marlys alinyoosha mkono akalizima.

“Siendi popote, Wendell,” nikamwambia. “Nina harusi.”

Akanikumbatia palepale, kofia ikaanguka, akanibana mpaka nikasikia tai yake inanichoma shavuni, upande ule wa jino. Nikapiga yowe. Akaniachia kwa hofu.

“Jino,” nikasema.

“Jumatatu unakwenda kwa daktari wa meno,” akasema. “Nakupeleka. Tutalipa tu, hatutauza nyumba kwa jino.”

“Nitakwenda.”

“Sema kweli.”

“Nitakwenda, bwana! Shahidi huyu hapa, ana rola.”

Dale akarudi wakati huo, akasimama mlangoni akamwona Wendell mzima, na suti. “Nani kafa?” akauliza kwa sauti ndogo.

“Hakuna,” nikamwambia. “Tumechumbiana. Mpeleke porini, kuna saa moja ya mwanga.”

Walikwenda hivyo hivyo, Wendell amevaa kizibao cha chungwa juu ya suti ya misiba. Hakupiga kitu. Dale anasema alikaa juu ya gogo akitabasamu, na kulungu dume mkubwa akapita mbele yake, wakatazamana, akamwacha aende. Mwakani huyo kulungu atakuwa na pembe za kutosha.

Nikamfungua Marlys nywele. Zilikuwa zimekaa kwenye rola mno, zikatoka zimejikunja kichwani kama za kondoo, na kwa mara ya kwanza hakulalamika. Alitaka tu kujua atavaa nini kwenye harusi, na nikamwambia ana muda wa kushona.

Tarehe nilitaka kuiandika, lakini kalenda yangu inaishia Desemba. Nikachukua kalamu ya nyusi, nikapanda kiti, nikaiandika ukutani juu ya kioo kikubwa, siku, mwezi na mwaka, mahali ambapo kila anayekaa anaiona. Wateja wakiniuliza ni ya nini, nawaambia ni ya harusi yangu na wamealikwa. Jino lilijazwa Jumatatu ile. Bima niliyoichagua ni ile ile nyembamba, na Desemba nilikwenda kupimwa, Wendell akaendesha, akangojea kwenye kiti chake cha plastiki. Daktari Bhatt akafunga faili, akanitazama, akasubiri nimuulize swali letu. Sikumuuliza. Nilimpa kadi ya mwaliko.

Akaisoma tarehe, akaisoma tena. Halafu akafungua simu yake, mbele yangu, na foleni nyuma, akaiandika.